Tawi la Mpichi Kutoka Kilindi cha Bahari

Abus ndugu yangu, nijibu haraka. Nimepiga kelele mbele ya watu wote melini na wala sijali.

Leo tumevuta tope kutoka sakafu ya bahari, kilomita tatu chini. Profesa Liao akawa anachekelea: "Kaboni ya mlimani hii, miti na majani ya huko juu! Kimbunga kimepita siku nne tu, na mto umeshaisukumia kwenye korongo la baharini hadi huku!" Majani bado mabichi, Abus. Mabichi!

Halafu nikaona tawi la mpichi limefungwa kitambaa.

Unakumbuka mama alivyochana shati langu la shule afungie mipichi aliyopandikiza, tukamcheka? Ndicho hicho. Namba yangu ya shule imedariziwa pale pale. Nimekiosha mara tatu. Ni namba yangu.

Tangu kimbunga, simu ya mama huko mlimani haipatikani. Nilijipa moyo kwamba ni mnara tu umeanguka. Wewe uko karibu, nenda hata kwa miguu ukaangalie, nakuomba.

Profesa hajaelewa kitu. Kashika kalamu, anatabasamu: "Binti, unaujua mti huu? Ulikuwa wapi, tuandike?"

Nikamwambia ulikuwa nyuma ya jiko la mama.