Sonata Kwenye Ubao

Jumapili, 22 Mei 1994
Nimerudi nyumbani Ekerenyo nimelowa. Asubuhi nilimfundisha mjukuu wa Mama Meena Kiswahili, kisha Mama Meena akanifundisha piano, sebuleni nyuma ya duka lao la vitambaa mjini Kisii. Ndivyo tulivyopatana. Nusu ya kwanza ya sonata naijua: wimbo wa kwanza uko katika ufunguo wa C, wa pili uko G. Baadaye vurugu kidogo. Mwishoni nyimbo zote mbili zinarudi, na wa pili sasa unakaa C, kama bibi arusi aliyezoea boma. Nimeupenda mpango huo. Kitabu hakitoki kwake, kwa hiyo nimenakili marudio hayo kwa solfa, doh, ray, me, kama tunavyofanya kwaya. Anasafiri. Jumapili mbili hakuna somo.

Jumatano, 8 Juni
Mazoezi kwenye ubao. Nyumbani hakuna piano, kwa hiyo vibonye nimevichora kwa chaki. Mama yangu anasema nimepata wazimu, kisha ananiletea chai. Nikipita mtihani wa piano, shule ya sekondari mjini itanichukua nifundishe muziki. Nikianguka, nabaki na darasa la tatu. Nalipenda darasa la tatu. Sitaki kuzeeka nalo.

Jumamosi, 11 Juni
Sabato. Ubao umepumzika. Vidole vimecheza sonata juu ya Biblia wakati wa mahubiri. Mungu anisamehe.

Jumapili, 12 Juni
Aibu. Kwenye marudio nimeucheza wimbo wa pili katika G, nikakwama hapo. Mama Meena alifungua daftari langu akacheka mpaka akakaa.

"Mwalimu, wapi umeandika Doh ni C?"

Sikuandika popote. Kwa solfa wimbo unasomeka vilevile, uwe G au C. Na ubao hausemi kitu. Wiki tatu nimevifundisha vidole uongo. Mtihani ni Alhamisi.

Jumanne, 14 Juni
Nimeandika "Doh ni C" kwa wino mwekundu. Naimba kwa nguvu huku nikicheza ubao. Mama amechoka na wimbo wa pili. Naogopa.

Alhamisi, 16 Juni
Mtahini alikuja sebuleni kwa Mama Meena. Vidole vilitaka kwenda G. Nikavirudisha. Alisikia, akaandika. Sikusimama. Nilimalizia C.

Ijumaa, 12 Agosti
Barua imefika. Nimepita, kwa alama chache. "Alisita kwenye marudio, akajisahihisha."

Nilienda jikoni kumwambia mama. Alikuwa anakatia sukuma wiki juu ya ubao wangu.

"Buya mono," akasema. Vizuri sana. Akaendelea kukata, akiimba chinichini wimbo wa pili, wote, bila kukosea. Doh yake haikuwa G wala C. Nilisimama mlangoni mpaka akamaliza.