Behewa Lililopita Igalula

S.L.P. 214,
Tabora.
Ijumaa, 13 Desemba 1974.

Mpendwa kaka yangu Justus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko masomoni Sofia, na lile koti ulilosema ni zito kama gunia limeshazoea mabega yako. Kifua kimepona? Mwezi wa tisa uliandika kwamba unakohoa, kisha hukuitaja tena habari hiyo, nami sipendi habari inayokatikia njiani.

Sisi tupo. Mama anasumbuliwa na miguu lakini jembe hajaliweka chini. Baba haachani na redio. Kila nikienda nyumbani hunihesabia waliong'oka mwaka huu: serikali ya Wareno, rais wa Marekani, mfalme wa Uhabeshi. Hunieleza mimi, mwandishi wa habari, kana kwamba nimetoka porini.

Umeniuliza kama njaa unayoisoma huko ni ya kweli. Ni ya kweli. Mvua ya mwaka jana ilikuwa haba, na watu walihamishiwa vijiji vipya mihogo yao ikiwa bado kwenye mahame. Tena mafuta yamepanda bei huko yanakotoka, na malori ya hapa yamelala kwa kukosa dizeli. Mambo hayo matatu yamekutana mwaka mmoja.

Mdogo wetu Masolwa ndiye mwenyekiti wa kijiji chetu kipya tangu Julai. Ni mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka stesheni ya Igalula. Katika ghala la kijiji mna magunia kumi na manne ya mbegu ya mtama, na ufunguo wake Masolwa anauvaa shingoni. Watu wana njaa na mbegu wanaiona. Ikiliwa, mwakani hakuna cha kuvuna. Hilo ndilo linaloninyima utulivu, na nisingekuandikia marefu kama nisingekuwa na mkono wangu ndani yake.

Mwezi uliopita Masolwa aliambiwa na wakubwa zake kwamba mahindi yangekuja Jumatatu kwa lori. Akatangaza. Lori halikuja. Kisha tukasikia kwamba yatakuja kwa reli, behewa zima, mahindi ya njano kutoka Marekani, yale wanayoyaita yanga. Wako waliosema ni chakula cha ng'ombe, lakini hata hao walitayarisha magunia.

Jumanne ya tarehe 3 nilipata habari kwa simu ya reli kwamba behewa la Igalula limepita Goweko. Unaijua njia hiyo, kaka. Kutoka Goweko stesheni inayofuata ni Igalula. Nikaandika kwamba limefika Igalula, nikasoma habari hiyo kwa simu hadi Dar es Salaam, na saa mbili usiku redio ikaitangaza. Miaka kumi na mbili nimefanya kazi hii, na sijawahi kuandika kuwa maiti amezikwa kabla sijauona udongo. Siku hiyo niliandika.

Masolwa aliisikia akiwa na baba, akapiga mbiu alfajiri. Watu zaidi ya mia mbili walikwenda Igalula kwa miguu na kukaa kando ya reli mpaka jua likatua. Hapakuwa na behewa. Jina la stesheni lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa behewa kwa chaki, na mvua ilikuwa imelifuta. Igalula hakuna aliyelitambua ili alikate kutoka kwenye treni, likapita na treni hadi Tabora, na Tabora likafungwa kwenye treni ya Mwanza. Habari za mapinduzi ya Addis Ababa tulizipata siku ile ile yalipotokea. Habari za behewa letu tulizipata baada ya siku tatu: liko Bukene.

Ijumaa ya tarehe 6 kijiji kilikutana, na watu walikuja na visu vya kufungulia magunia ya mbegu. Wakubwa walikuwa wamemshauri Masolwa aseme behewa limecheleweshwa kwa sababu za kiufundi. Nilikuwapo. Alisimama, akasema: "Nilisema limefika. Sikuliona. Liko Bukene, na litarudi lini sijui."

Mama mmoja wa mbele akauliza, "Mwenyekiti, leo umekula nini hata useme kweli?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilitupa nafasi. Nikasimama nami nikasema kwamba habari ya redio ilitoka kwangu. Hapo hawakucheka.

Aliyejibu ni Mahona. Humfahamu; ni mzee aliyebomolewa nyumba yake ya matofali wakati wa kuhama, na tangu Julai hajawahi kumwita Masolwa mwenyekiti. Alisema: "Wajukuu wa kirangozi! Babu yenu alipotangulia msafara aliziba kwa tawi njia isiyofaa, ili wapagazi wa nyuma wasipotee. Lakini aliziba njia aliyokwisha kuichungulia mwenyewe. Ninyi mmekaa mnakula redio, mnatuwekea matawi ya Bukene!"

Masolwa akavua ufunguo shingoni, akampa. Akamwambia, "Basi nenda wewe, baba. Ukachungulie. Ukirudi na kusema hakuna kitu, fungua ghala mwenyewe."

Sikuyatarajia hayo, na nadhani hata yeye hakuwa ameyapanga. Mahona aliutazama ufunguo kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ambebe. Watu wakakubali kungoja siku nane. Siku ya tisa ni kesho.

Nilisafiri naye hadi Bukene. Behewa tulilikuta kwenye njia ya pembeni, lakiri haijavunjwa. Na Bukene nako kuna njaa, kaka. Walikuwa wamekwisha kuulizana mzigo ni wa nani. Mahona akapanda, akaketi kwenye kizingiti cha mlango, akakataa kushuka. Wauza karanga wa stesheni wakamchokoza: "Mzee, unatamia?" Akawajibu, "Natamia. Yakianguliwa mtaitwa." Kazi iliniita nirudi Tabora Jumatatu. Nilimwachia blanketi na mikate miwili.

Nilimwomba anipigie simu mara akiambiwa siku ya kuondoka. Akakataa. Alisema akiambiwa hatasema, atasema likitembea.

Tangu Jumatatu nimekwenda stesheni mara nne kwa siku. Barua hii nimeianza mara tatu. Masolwa naye anashinda Igalula kwenye benchi la abiria, na baiskeli yake imefungwa kwenye nguzo. Naacha hapa, nakwenda stesheni.

Jumamosi, tarehe 14.

Naendelea. Jana saa kumi na dakika tano alasiri Igalula walipokea simu ya maandishi kutoka Bukene. Masolwa alinisomea kwa simu ya stesheni. Maneno yake ni haya tu: LINATEMBEA. NIMELIKALIA. MAHONA.

Yaliyofuata amenisimulia leo asubuhi kwa simu, aliporudi Igalula. Aliipeleka kijijini kwa baiskeli, akaisoma mara moja, akaketi. Hakuongeza neno lake. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na udongo ulikuwa laini. Ufunguo uko kwa Mahona, kwa hiyo walivunja kufuli ya ghala. Mama anasema alifikiri ndio mwisho. Lakini waliyatoa magunia yote kumi na manne wakayapeleka mashambani, na leo tangu alfajiri wanapanda. Wamepanda wakiwa na njaa, kwa maneno matatu ya mtu aliyemchukia mwenyekiti. Baba amezima redio, ameshika jembe.

Leo saa sita na nusu treni ya mizigo imeingia Tabora kutoka Bukene. Mahona alikuwa mlangoni mwa behewa na blanketi langu begani, amekonda. Nilimwuliza kama anataka chai. Alijibu, "Kwanza andika jina." Nikaandika IGALULA kwa rangi ya mafuta, pande zote mbili, herufi za urefu wa mkono. Saa nane na dakika kumi limeondoka kuelekea Igalula naye akiwa juu yake. Nimeliona kwa macho yangu mpaka lilipopinda.

Nisalimie wenzako wa hapo bwenini, hasa yule aliyekufundisha kupika kabichi. Mama na baba wanakusalimu sana. Masolwa anakusalimu na anaomba umwandikie. Ana miaka thelathini na mmoja na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Apolinaria mdogo, wajina wangu, anauliza theluji inaliwa na nini. Mungu akulinde katika baridi hiyo na akurudishe kwetu ukiwa na pumzi nzima.

Sasa ni saa tisa kasoro robo. Posta hufunga saa tisa, kwa hiyo barua hii lazima iende. Naandika kwamba behewa limeondoka Tabora. Kwamba limefika, siandiki.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Apolinaria