Bango Lisilo na S

Stara uko wapi? Shika simu! Swalihu ameumbuka leo mbele ya wazazi wote!

Ndiyo, huyu huyu mkuu wetu wa shule. Unakumbuka mwezi jana nilivyosoma barua ya rambirambi kikaoni, nikasema "our condolence"? Akanikatiza mbele ya walimu wenzangu: "Condolences, Mwalimu Erica! Ina s! Hiyo digrii ulipewa wapi?" Wakacheka. Nikaenda kulia chooni.

Basi juzi likaja bango la mahafali. Maandishi makubwa mekundu: CONGRATULATION FORM FOUR. Nikaona palepale kwamba s haipo. Akaniuliza, "Limependeza?" Nikamjibu, "Limependeza sana, mkuu."

Sikumwambia, Stara. Nimenyamaza siku mbili nzima!

Leo mgeni rasmi, mama mmoja wa Mvumi aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini, akasimama kuhutubia. Akageuka, akalisoma bango taratibu. Kisha kwenye kipaza sauti: "Mkuu wa shule, mbona pongezi zenyewe nusu?"

Nusu! Wazazi wakaangua kicheko. Wanafunzi nao wakaanza, "Esss! Esss!"

Swalihu jasho linamtiririka. Akanifuata nyuma ya turubai. "Uliliona kosa?"

Nikamtazama usoni. "Niliona, mkuu. Tangu juzi."

Akaondoka zake. Baadaye akamtuma karani: Mwalimu Erica amwandikie mgeni barua ya kuomba radhi, kwa Kiingereza. Nimemwambia karani naumwa kichwa.

Niko nyumbani Mkonze nakula pilau ya mahafali. Kichwa hakiumi hata kidogo.