Samaki Mmoja Amepona Karakanani Kwako

Fundi wangu Eliamani,

Samaki mmoja yuko hai. Naanza na hilo, kwa sababu mdogo wako Ndelilio hatakuletea habari hii.

Lile tangi la kioo uliloliunganisha kabla hujalazwa, lile ambalo soko zima lilicheka kwamba gundi ya dukani haizuii maji, nililijaza baada ya matanga yako. Halikuvuja hata tone. Nikatia samaki watatu wekundu waliokuja na basi kutoka Nairobi kwenye mfuko wa nailoni. Watu wakaacha nyanya zao wakaja kuchungulia.

Halafu nikaharibu. Maji ya bomba na samaki niliwatia siku moja, bila subira, nikawalisha makombo ya mkate kila mtoto alipoomba kuwaona wakila. Siku ya nne maji yakawa kama yaliyooshewa mchele. Wawili wakafa. Wa tatu akabaki juu, mdomo nje, mapezi yamebana ubavuni, anahema kama mtu aliyepanda mlima wa Uru na gunia kichwani.

Ndelilio akasimama mlangoni. "Vitu vya marehemu havichezewi. Huyo naye akifa, binti, ufungashe." Chumba anakitaka auzie mitumba, sote tunajua.

Fundi, nilikasirika nikasahau kulia. Nikaenda kwa yule daktari anayetibu ng'ombe wa mkeo. Alicheka, kisha akaniona uso, akaacha. Akasema tangi bado jipya, uchafu wa samaki na makombo yangu ndio sumu. Nisimlishe kwanza. Nimwage robo ya maji kila siku, nijaze yaliyolala kwenye ndoo, na chumvi kidogo. Nimefanya hivyo siku kumi na moja. Juzi alishuka chini akaogelea. Jana alishika punje ya chakula, akaitema, akairudia, akaimeza. Nilipiga kelele mpaka mama muuza nyanya akaja mbio akidhani nimejikata.

Na wewe ulinikataa siku ya kwanza, usifikiri nimesahau. "Msichana? Atanimalizia vioo." Ukanipa vipande vilivyovunjika nikakata mpaka vidole vikatoka damu. Mchana ukanigawia mtori wako wa ndizi kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Hukusema pole. Mtori ule ulinitosha.

Leo asubuhi Ndelilio kaja na mtu wa kupima chumba kwa kamba. Nikamwambia, "Shikamoo baba," nikaendelea kukata kioo cha dirisha. Akaamuru tangi lisogezwe. Nikasema, "Halisogei. Na mimi sisogei." Kioo kilikatika sawasawa. Mkeo alikuwa ameteremka na ndizi zake za kuuza. Akatua mkungu sakafuni, akakaa kwenye kigoda chako. "Shemeji, kunja kamba yako. Mwenye chumba mimi, na fundi wa hapa ni huyu."

Mwenye kamba ndiye aliyetangulia kutoka, Ndelilio akamfuata.

Nilitaka uone. Basi tu. Nilitaka uone.

Kwaheri, Fundi. Pumzika, usinihofie. Kesho nanunua rangi, naandika jina langu mlangoni chini ya lako, kwa herufi zinazolingana na zako. Anayetaka kulifuta aje mchana, anikute.

Mwanafunzi wako,
Haikaeli