Mshipa wa Chebet na Ushuhuda Wangu wa Haraka

Jumapili, saa kumi jioni. Hapa mtaani Free Area jua ni kali, vumbi tele, na mimi nimekasirika. Nimekasirika sawasawa.

Chebet wangu ana miaka minne. Mwaka jana alipewa kipande cha ini langu. Tuliporudi nyumbani nilimbeba hadi mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda: "Amepona!" Makofi, vigelegele, watu wakalia. Daktari hakuwahi kutumia hilo neno. Ni mimi.

Alhamisi tulienda kliniki ya kawaida tu. Mtoto anacheza, anaringa na viatu vipya. Daktari akampima tumbo kwa ile mashine ya picha, akapima tena. Mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini umekuwa mwembamba pale uliposhonwa. Bandama imevimba. Tukiuacha hivyo anaweza kutapika damu, na ini likose nguvu.

Nililia chooni. Nakubali.

Jumatano madaktari watapitisha mpira mwembamba kwenye ngozi mpaka ndani ya mshipa, wajaze kibaluni kidogo kiupanue. Ukibana tena, watarudia.

Leo kabla ya ibada, mwenyekiti wa akina mama akanivuta kando. "Mama Chebet, hiyo maneno usiiseme. Ulishatoa ushuhuda. Watu watasema tulidanganya, na aibu ni ya kanisa yote."

Aibu! Damu ya mtoto wangu inapita kwa kijia kama mrija wa soda, halafu mimi nilinde makofi? Ng'o!

Wakati wa ushuhuda nikasimama. Nikasema mshipa umebana, nikasema Jumatano anarudi theatre, chumba cha upasuaji, nikasema ile siku niliongea haraka.

Shosho mmoja, bibi mzee wa kiti cha nyuma, akauliza kwa sauti, "Na dawa anakunywa?"

"Kila siku, shosho. Asubuhi na jioni."

"Basi usiwache. Keti tumwombee."

Wakaomba. Mwenyekiti hakunisalimia tukitoka. Shauri yake.

Naogopa Jumatano. Lakini huyu mtoto hatafichwa ili watu wazima wasione haya. Wakimrudisha theatre mara kumi, mara kumi nitasimama pale mbele niseme.