Shingo Inayonyooka Nikilala

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo nitaketi mbele ya wakwe zangu Kiranjeranje kujibu malalamiko ya mke wangu Mwahija, na nitawatazama kwa sikio la kushoto. Mimi ni fundi cherehani hapa Kivinje, na mwaka wa pili huu shingo yangu inajivuta kwenda kulia bila ruhusa yangu, inauma, nikiirudisha inakwenda tena, hata kanzu nazishona huku natazama barabara, na ukiona mtu kavaa kanzu yenye mkono mmoja mfupi jua ni mteja wangu. Msikitini Bakari, ambaye masikio yake ni mazito, aliniona nimegeuka akadhani tumefika kwenye salamu ya kumaliza sala, akatoa salamu, akavaa viatu akaenda zake. Nikigusa kidevu kwa kidole inatulia kidogo, kwa hiyo mjini nasifiwa kuwa mtu wa fikra nzito, kumbe nafikiria vifungo. Haya ningeyavumilia, lakini kulia kwa baraza yangu ndipo anapokaanga vitumbua Ziada, mjane, na Mwahija akaanza kununa. Nikamwapia kuwa ni ugonjwa. Juzi baada ya chakula cha mchana nikapitiwa na usingizi mkekani, yeye akanichungulia, akaona shingo imenyooka na kutulia kama ya bwana harusi. Nilipoamka ikageuka. Akasema, “Kumbe kunyooka inaweza, ila ukiwa macho inamtafuta Ziada.” Akafunga nguo zake akaenda kwao. Nimjibu nini, na mimi mwenyewe sielewi? Nampenda, ingawa kwa sasa naweza kumwambia hivyo nikitazama ukuta tu.

Mfaume, Kilwa Kivinje, Machi 1954

Marahaba, Mfaume. Pole, na sasa acha mzaha kidogo. Nimemwuliza daktari, naye anayajua maradhi haya: misuli hukaza yenyewe mtu akiwa macho, akilala hupumzika, akiamka huanza tena. Dawa ya kuyaondoa hana, lakini nenda hospitali upate barua ya kumpa mkweo.

Mkeo barua haimtoshi. Miaka miwili umeichekesha Kivinje nzima kwa shingo hiyo. Yeye umempa nini zaidi ya kiapo? Hata kwangu umesimulia kanzu na Bakari kwa raha, na neno “inauma” umelipitisha haraka. Mwambie inauma. Mwambie unaogopa. Na kabla hujasafiri, igeuze cherehani ili kulia kwako kuwe mlango wa nyumba yako. Fundi mzima unatazama vitumbua miaka miwili, na kiti kinabebeka?

Mchana ule Mwahija alimwona tena, kwa kitambo kidogo, mwanamume aliyemwoa, kisha ukaamka ukamwondoa. Ndiyo maana alikasirika. Yeye amemwona mtu huyo wa mkekani, wewe hujawahi, maana akija huwa umelala. Ijumaa mwombe akusimulie yukoje.