Amplifaya Iliyokatwa Masikio

Jumapili, Kibamba. Mawingu tangu asubuhi, mvua inatishia tu kama mgambo aliyesahau kirungu nyumbani. Mie niko vizuri. Niko vizuri kupita kiasi, na wewe shajara ndiye pekee usiyenikatiza nikijisifu, kwa hiyo tulia.

Jana nimeokoa kazi ya mtu.

Mama Tausi ni mshereheshaji wa kicheni pati. Akishika maiki, bibi harusi anacheka, analia, na anafundwa bila kujua kwamba ndiyo anafundwa. Lakini siku za karibuni akina mama walianza kunong'ona: sauti imekwisha, inakwaruza kama mtu anasaga kokoto. Ijumaa akaja ofisini kwangu, yaani kwenye meza na mwamvuli, amplifaya yake iko ndani ya bajaji.

"Baba Bahati, niangalizie hii mashine niiuze. Shughuli ya kesho ndiyo ya mwisho. Koo limezeeka, narudi kuuza vitenge."

Uso ulikuwa wa mtu anayetoka kuzika.

Shule mie niliishia kidato cha pili, fizikia na mimi tuliachana kwa amani. Lakini nimetengeneza redio Lubumbashi, nimefunga spika Durban, na nikiketi mbele ya amplifaya, yenyewe ndiyo inaniamkia. Nikamwambia aongee bila maiki. Akaongea. Asali tupu.

Koo zima. Mgonjwa alikuwa kwenye bajaji.

Nilipofungua nikakuta rizista moja, kile kidude kidogo cha kubana umeme, imekatwa mguu. Kumbe kuna fundi wa Ukonga alimwahidi sauti kubwa zaidi. Na kweli, ukubwa alimpa.

Iko hivi. Amplifaya nzuri inajisikiliza. Sauti ikishatoka kwenda kwenye spika, chembe yake inarudishwa nyuma, imegeuzwa kichwa chini miguu juu, mpaka pale sauti inapoingilia. Hapo mashine inalinganisha: nilichopewa ni hiki, nilichotoa ni kile. Kilichozidi inakipunguza, kilichopinda inakinyoosha, papo hapo. Wenye vyeti wanaita mrejesho. Ukiukata, kama alivyoikata rizista ile, mashine inapata nguvu za ajabu, inasikika mpaka barabarani, ila haijui tena inasema nini.

Nimekunywa chai na wanaume wengi wa aina hiyo.

Basi nikalehemu rizista mpya kwa madaha, nikawasha mbele za watu. Mashine ikapiga mluzi wa kupasua kichwa, na maiki haijachomekwa hata moja! Muuza mihogo wa jirani akaruka. "Fundi, umeiua!"

Nikacheka kwa sauti. Kijasho kilikuwa mgongoni, hawakukiona.

Yule wa Ukonga alikuwa amebadilisha transfoma pia, nyaya mbili za kutolea sauti akazipishanisha. Kwa hiyo mie nilipofungua tena njia ya kurudi, kinachorudi nyuma, badala ya kupunguza, kinaongeza. Mashine inatoa, inajiongezea, inatoa zaidi, inajiongezea tena, mpaka inapiga kelele peke yake bila mtu kuitia neno. Nikazihamisha zile nyaya, hii huku, ile kule.

Kimya. Kimya cha adabu.

Nikasubiri sifa. Mama Tausi akajaribu maiki, akanikazia macho. "Umenipunguzia sauti! Ukumbi mzima wa wanawake, wewe unanipa redio ya jikoni?"

Ni kweli, imepungua. Hiyo ndiyo bei ya usafi. Nikamwambia ajaribu kwenye shughuli hiyo moja tu, ikishindikana vitenge nitamtembezea mimi mwenyewe, nimejitwika kichwani.

Kicheni pati mwanaume haingii. Nikakaa nyuma ya ukuta na wapishi, mke wangu yuko ndani, ananitumia ujumbe. Wa kwanza: "Huku nyuma hatusikii." Moyo ukashuka mpaka kwenye ndala. Nikamjibu waziinue spika, ziangalie nyuso za watu, siyo magoti yao.

Nikatega sikio ukutani.

Halafu nikasikia mwenyewe. Mama Tausi hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anamwambia bibi harusi, taratibu, jinsi alivyolia wiki nzima kwenye ndoa yake mwenyewe, na kila neno lilipita ukuta likiwa zima. Mengine sikupaswa kuyasikia. Kisha akacheka, kicheko chake kilekile, na vigelegele vikafunika kila kitu.

Alitoka getini jasho linamtiririka, viatu mkononi. Hakusema asante, hana tabia hiyo. Alisema, "Jumamosi ijayo niko Bunju. Simu yako iwe hewani."

Wapishi walitaka nikamfuate yule fundi nimuaibishe. Kesho naenda Ukonga kweli, lakini naenda na soda mbili na rizista mfukoni, nikamwonyeshe zile nyaya zinavyopaswa kukaa. Maana najiuliza, ni wangapi huko wameshaambiwa sauti zao zimekwisha?

Najua atanibishia. Mie mwenyewe ningebisha.